Mwizi wa Ski Moja

Kwa miaka kumi na moja ya upolisi Unguja, na tisa ya ukarani katika ofisi ya vitu vilivyosahauliwa kwenye treni za London, Msabaha alikuwa ameona watu wakiiba na kupoteza karibu kila kitu kinachobebeka. Aliwahi kumkamata mtu na mlango mgongoni. Aliwahi kuandikisha kwenye daftari seti ya meno, tarumbeta, na mguu wa bandia ambao mwenyewe, Mungu ndiye ajuaye, alishuka vipi bila huo. Lakini mwizi wa kuchukua ski moja akaiacha ya pili mezani, huyo alikuwa mgeni kwake, na tangu Harjit, binti wa rafiki yake, alipompigia simu jana yake alikuwa na hamu kubwa ya kuonana na mwizi huyo.

Ilikuwa Alhamisi, Februari ya mwaka 1973, siku yake ya mapumziko. Harjit alimpokea kituoni Harrow, koti limefungwa hadi kidevuni. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mpiga taipu katika ofisi moja huko Croydon. Alipanga chumba hukohuko, kwa baba yake alikuja mwisho wa wiki tu, na leo alikuwa ameomba ruhusa. Walipokuwa wakipita mbele ya safu za nyumba pacha, zote zimefanana mpaka mapazia, alimweleza mambo yalivyokuwa.

Baba yake, Tarsem Singh, alikuwa seremala wa reli Nairobi na Kampala kwa miaka ishirini na minane kabla ya kuhamia Uingereza mwaka 1968. Jumamosi hii Harjit alikuwa na safari ya Skotlandi na wenzake wa ofisini, kwenda kuteleza juu ya theluji. Aliposema atakodi ski hukohuko, zile mbao ndefu mbili ambazo Wazungu hujifunga miguuni na kujitupa nazo mlimani kwa hiari yao, mzee alichukia mno. Mtoto wa fundi akakodi mbao? Akajifungia gerejini tangu Krismasi, akatengeneza mwenyewe. Zilikwisha Jumatatu. Siku iliyofuata, Jumanne, ski moja ikatoweka.

"Na Baba ameshamjua mwizi, Anko," Harjit alisema. "Anasema ni Anko Shiraz. Amewapa mpaka Saturday wawe wametoka, yeye na Anti Malek na watoto wote wawili. Waende wapi na baridi hii?"

Msabaha alimjua Shiraz kwa sifa tu. Alikuwa na duka la viatu Kampala, na Tarsem alipokuwa kazini kule alinunua viatu kwake, urafiki ukaanzia hapo. Mwaka uliopita, Waasia walipofukuzwa Uganda, Shiraz na familia yake walifikia kwenye kambi ya wakimbizi. Tarsem aliazima gari, akaenda kuwachukua mwenyewe, akawapa ghorofa nzima ya juu. Sasa mtu huyohuyo alikuwa anawatoa nje kwa ajili ya kipande cha mbao.

Msabaha hakupenda kufika mahali na mshtakiwa mmoja tu kichwani, kwa hiyo kwanza alimgeukia aliyemwita.

"Bibie, hebu niambie kweli. Ulitaka kuzivaa hizo ski za baba?"

Harjit alitazama chini. "Niliona haya kidogo. Wenzangu watakuwa na za dukani, za rangi."

"Jumanne ulikuwa wapi?"

"Kwenye taipu mpaka saa kumi na moja. Anko, ningeiba mimi, ningekuita wewe?"

"Wapo waliofanya hivyo," Msabaha alisema, lakini alimfuta kwenye orodha yake ya washukiwa. Mtu anayeona haya huficha zote mbili.

Tarsem alikuwa akiwasubiri mlangoni mwa gereji, mrefu, ndevu nyeupe, kilemba cha rangi ya zambarau kimekaa sawasawa. Alimpa Msabaha mkono mzito wa fundi, akaanza mashtaka kabla ya salamu kwisha. Gereji ina kufuli moja na funguo mbili. Mmoja ni wake, wa pili unatundikwa kwenye msumari jikoni. Jumanne alikwenda Southall kwenye msiba, tangu asubuhi mpaka jioni. Kufuli halikuvunjwa. Na jirani wa ng'ambo ya barabara, bibi mmoja wa Kiingereza asiyekosa dirishani, alimwona Shiraz mchana akitoka na kitu kirefu kimefungwa blanketi, akielekea njia ya stesheni.

"Mbao ni yangu, nyumba ni yangu, na mwizi naye ni wangu," Tarsem alisema. "Mimi mwenyewe nilimleta."

Alisema kwa hasira. Msabaha aliona kwamba kilichomuuma si ski.

Walipoingia ndani, Msabaha alisimama katikati ya gereji akageuka polepole, kama alivyofundishwa zamani: kwanza kilichopo, ndipo kisichopo. Kulikuwa na randa tisa, patasi zimepangwa kwa ukubwa, jiliwa la chuma kwenye meza ya kazi. Mwizi wa kweli angeziona hizo kwanza. Kulikuwa na bomba la bati lililounganishwa na birika, ambamo mzee alikuwa akipikia ncha za mbao kwa mvuke mpaka zikubali kukunjwa, kama alivyokuwa akikunja mbao za mapaa ya mabehewa. Taa zilikuwa tatu, zote zimeinamishwa juu ya meza moja, nazo ziliwaka mchana kweupe. Na mezani, peke yake, ilikuwa ile ski iliyobaki.

Msabaha hakujua lolote kuhusu theluji zaidi ya kuikimbia, lakini kazi nzuri huijua hata asiyekuwa fundi. Ilikuwa ya ash, mti mgumu wa Ulaya, matabaka matatu yamegandishwa kwa gundi mpaka huoni yanapokutana. Ncha yake ilipinda juu taratibu, na kingoni mlikazwa ukanda mwembamba wa chuma. Alipoiweka sakafuni, ncha na mkia viligusa chini, katikati ikabaki hewani.

"Tumbo lazima likae juu," Tarsem alieleza, na hasira ikamtoka kidogo kidogo kadiri alivyoendelea. "Mtu akisimama, ndiyo linashuka, uzito unaenea. Harjit alinisomea kwenye kitabu cha library. Nimeweka hesabu yote kichwani."

"Alikusomea yeye?"

"Herufi za hiki kitabu ni ndogo kama chawa."

Msabaha akaguna tu. Aliokota futi ya mbao pale mezani na kuipitishia kidole. Kila inchi ilikuwa imechongwa pengo kwa tupa, na kila inchi ya sita mapengo mawili. Alidhani ni tabia ya watu wa reli, wanaofanya kazi mpaka ndani ya matangi yenye giza. Penseli nayo ilikuwa nene kama kidole gumba, na mistari kwenye vipande vya mbao haikuchorwa bali ilikatwa kwa kisu, ikaingia ndani. Haya yote aliyaweka kiporo.

Akaomba aonyeshwe jinsi ski inavyopata umbo. Tarsem alimwekea mkono juu ya kalibu, gogo refu lililochongwa kwa mpindo uleule wa ski. Matabaka hupakwa gundi, hulazwa juu yake, hubanwa kwa vibano siku mbili. Aliifanya ski ya kwanza Januari na ya pili baada yake, zote juu ya kalibu hiyohiyo. Iliyoibwa ndiyo ya pili.

Msabaha alipiga magoti, akaikagua kalibu kwa jicho na kwa ukucha kutoka mkia hadi ncha. Karibu na ncha, ukingoni upande wa kulia, kulikuwa na tone la gundi lililokauka, gumu kama jiwe na kubwa kama punje ya hindi. Liliwaka chini ya taa zile tatu. Ni gundi iliyodondoka wakati wa ski ya kwanza, na ya pili ililala juu yake.

Alibaki pale magotini muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Fundi wa miaka ishirini na minane, mwenye patasi zilizopangwa kama askari wa gwaride, anaachaje uchafu kama ule kwenye kalibu?

"Fundi," alisema, "ubao ukiwa umepotoka, upande mmoja umenyanyuka, mnajuaje?"

Tarsem alitabasamu kwa mara ya kwanza. Huo, alisema, ni mtihani wa wanafunzi. Unaweka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho wa ubao, unainama, unatazama cha mbele na cha nyuma. Vikilala sambamba, ubao uko sawa.

Msabaha alichukua kipande cha ubao na vijiti viwili. Chini ya kijiti cha mbali, upande mmoja, alipachika njiti mbili za kiberiti. Kijiti kikakaa upogo mpaka hata yeye, karani, aliuona akiwa amesimama. Alijichukia kidogo kwa alichokuwa akifanya.

"Huu je, uko sawa?"

Mzee aliinama. Alifumba jicho moja, akatazama kwa makini na kwa muda, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa.

"Safi kabisa," akasema.

Msabaha aliziondoa njiti kimyakimya, akazirudisha mfukoni. Alisema angependa kumwona mama wa juu.

Malek, mke wa Shiraz, alikuwa akifunga sahani kwenye magazeti na kuzipanga ndani ya sanduku la chai. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mikono. Alimkaribisha mgeni kiti, wala hakuacha kufunga. Ni mara ya pili kuhama kwa miezi mitano, alisema. Kampala aliziacha sahani zote mezani. Hizi alipewa na Harjit, na kwa kuwa ni za nyumba hii hakujua kama na yeye sasa anaiba.

Msabaha alimuuliza kuhusu Jumanne. Alijibu kwamba alikuwa kliniki na mtoto mdogo, hakuona kitu. Jioni Bwana Tarsem alipanda ngazi, akasimama mlangoni, akamwita mumewe mwizi mbele ya watoto. Shiraz hakujibu neno.

"Nilimwambia, sema kitu. Sema ndiyo, sema hapana. Akaniambia, tutahama, usiniulize. Miaka kumi na saba tumeoana. Mtu huyu akizidishiwa nauli senti tano alikuwa anamfuata kondakta mpaka mwisho wa njia." Aliweka sahani chini. "Angekuwa ameiba angejitetea. Kimya chake ndicho kinachonitisha."

Msabaha alishuka ngazi akiwa na maneno hayo mfukoni pamoja na njiti zake. Alimkuta Harjit jikoni akimimina chai, akamwomba amzuie mzee nyumbani mpaka atakaporudi.

Shiraz alikuwa amepata kazi Wealdstone, katika kibanda cha kushona viatu ambamo meza na mashine vilijaza nafasi yote. Mtu aliyekuwa na wasaidizi wanne na vioo vya mbele kuanzia kona hadi kona, sasa alikuwa na aproni na misumari mdomoni. Alikuwa mwembamba, nadhifu wa nywele na wa mavazi. Tai alikuwa ameifunga hata chini ya aproni. Msabaha alijitambulisha. Shiraz akatema misumari kiganjani.

"Kama ametuma polisi, andika mimi ndiye. Nitatia sahihi."

"Mimi si polisi tena. Na sijakuuliza kitu."

Mteja aliingia kuchukua viatu vyake vyeusi. Msabaha akajiweka kando, akatazama. Kabla ya kuvifunga, Shiraz alivikutanisha viatu soli kwa soli, akaviinua mbele ya dirisha, akachungulia mwanga kati yake. Ndipo akavikabidhi. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama watu wengine wanavyojikuna.

Mlango ulipofungwa Msabaha akauliza ile ilikuwa nini.

"Ni kawaida tu. Kila kiatu peke yake kinaonekana kizuri. Ukivikutanisha soli, mwanga unakuambia kipi kimepinda. Baba yangu hakuwahi kuuza jozi bila kuikutanisha."

"Na Jumanne ulizikutanisha ski."

Shiraz alikaa kwenye kigoda. Msabaha alivuta cha pili, akaendelea kwa sauti ya chini. Ski ya pili ilikuwa imepotoka karibu na ncha, upande wa kulia. Tone la gundi lilikuwa kwenye kalibu na mzee hakuliona. Hakuliona kwa sababu haoni. Futi yake anaisoma kwa kidole, mistari yake anaikata kwa kisu ili aipapase, na herufi ndogo si kosa la kitabu.

"Usimwambie," Shiraz alisema.

"Ulijua tangu lini?"

"Macho, tangu mwezi wa kumi na mbili. Nilimwona anahesabu ngazi. Nikanyamaza, nani anapenda kuulizwa? Lakini Jumanne niliingia kuzitazama tu, zilikuwa nzuri sana. Nikazikutanisha kwa mazoea. Mwanga uliingia upande mmoja, upana wa kidole changu." Alionyesha kidole. "Harjit angefunga ile mguuni, ashuke nayo mlima. Ingemgeuza, ingemvunja. Nikafikiri, moja ikipotea, atakodi hukohuko kama alivyotaka, na mzee atamlaani mwizi. Mwizi yeyote. Sikufikiri kwamba atakuwa mimi."

"Na ulipokuwa wewe?"

"Ningemjibu nini? Ningesema, mimi sikuiba, kazi yako ni mbovu, hufai tena?" Shiraz alikuwa akivikunja na kuvikunjua vidole. "Bwana Msabaha, mimi nilisimama barabarani, askari akafunga duka langu, akaniambia kazi yangu imekwisha. Nilikuwa na miaka arobaini na sita. Najua inavyokuwa. Mtu mwingine akimwambia, sawa. Lakini si mimi ninayelala chini ya paa lake."

"Kwa hiyo ulale chini ya daraja na watoto wawili?"

Shiraz aliinuka, akapekua nyuma ya mizunguko ya ngozi pembeni ya ukuta, akatoa ski katika blanketi lake. Hakuweza kuichoma, alisema. Alijaribu mara mbili. Mikono iliyoitengeneza ndiyo ile iliyombebea masanduku kambini.

Msabaha, aliyekwisha kusikia kila aina ya kuungama na kuamini chache, alilazimika kupenga kamasi. Alimpenda mtu huyu, na hilo halikuandikwa popote katika kanuni za upelelezi. Lakini alimwambia wazi kwamba hatakubali. Leo ski, kesho mzee ataingiza kidole kwenye msumeno. Na siku zote watoto wawili watakua wakijua baba yao ni mwizi. Shiraz alisikiliza hilo la watoto, akavua aproni.

Walifika jua likizama, Shiraz akabaki nje ya mlango wa gereji. Msabaha aliingia peke yake, akaiweka ski ya pili mezani bila maelezo. Tarsem aliitambua kwa kuigusa tu, akavuta pumzi ya kushangilia. Harjit alisimama nyuma yake.

Msabaha alikutanisha ski mbili soli kwa soli, akazibana katikati kwa mkono. Kisha akaushika mkono wa kulia wa mzee, akauweka ukingoni, akauacha.

Vidole vilitembea kutoka mkiani. Vilikwenda kwa raha, kama vinavyokwenda nyumbani. Karibu na ncha vikasimama. Vikarudi nyuma, vikaja tena. Upande wa kushoto mbao zilikuwa zimeumana. Upande wa kulia kidole cha shahada kiliingia kati yake, chote.

Harjit alikuwa ameanza kuelewa, akafunika mdomo.

"Nani anajua?" Tarsem aliuliza hatimaye.

"Shiraz. Mimi. Na sasa Harjit."

"Yeye alijua Jumanne?"

"Jumanne ndiyo aliiona mbao. Macho aliyajua zamani."

"Nilimwita mwizi mbele ya watoto wake," mzee alisema, "na alikuwa na jibu."

"Alikuwa nalo."

Tarsem aliondoa kidole taratibu kati ya zile mbao. Alivua aproni yake ya kazi, akaikunja, akaiweka mezani. Harjit alimwita akamshika mkono, yeye akautoa kwa upole, akatoka. Alimpita Shiraz mlangoni bila kumwona, au pengine alimwona. Msabaha hakuweza kujua. Mzee aliingia ndani ya nyumba, wakamsikia anapanda ngazi, na sasa kila aliyekuwepo alisikia kwamba anazihesabu.

Walimfuata. Ghorofani Malek alikuwa amesimama mbele ya masanduku, na watoto wake wawili, wa miaka tisa na saba, walikuwa sakafuni na madaftari ya shule. Waliposikia nani anakuja walijisogeza kwa mama yao. Tarsem alisimama palepale mlangoni aliposimama Jumanne, mkono mmoja kwenye fremu. Aliwageukia watoto, ingawa aliwakosa kidogo, akawa analitazama pazia.

"Jumanne nilisema maneno hapa," alisema. "Yalikuwa ya uongo. Baba yenu hakuiba. Mimi nilitengeneza mbao mbovu, yeye akaificha ili nisione aibu. Mimi sioni. Tangu mwaka jana sioni vizuri, na sikumwambia mtu."

Yule mdogo alisema kwa Kiingereza kwamba wapo huku. Mzee akageuza uso pale sauti ilipotoka, akayarudia yote tangu mwanzo, neno kwa neno, safari hii wakiwa mbele yake.

Shiraz alipenya kati ya Msabaha na Harjit. Alimshika rafiki yake kiwiko, akamwongoza kati ya masanduku hadi kwenye kiti, na Tarsem akakubali kuongozwa.